Chakula cha kufuturu ni cha nani?

Kila mwaka, mwezi wa Ramadhani unapoandama, hapa kwetu Lusangi watu wanaongea sana juu ya kufunga: nani amefunga, nani anakula kwa kujificha, mtoto aanze saumu akiwa na umri gani. Juu ya kufuturu tunaongea kidogo, kama vile ni kazi ya jikoni tu, kazi ya wamama. Sisi tunaona kwamba swali kubwa liko palepale jikoni. Tuliulize waziwazi: chakula cha kufungulia saumu ni cha nani? Ni mshahara wa yule aliyeshinda na njaa, ao ni haki ya mwengine ambayo yeye ameishika mkononi kwa muda?

Tuangalie kwanza kile kinachokuwa ndani ya chungu. Jua likizama na mwadhini akiita, watu wanaanza na maji, ndizi mbivu, tende kwa yule aliyezipata, kisha uji wa mchele ao wa mahindi wenye tangawizi. Baada ya sala ya magharibi kinakuja chakula chenyewe: wali ao bukari, sombe yenye mawese, maharagwe, samaki kama mto umetoa. Hakuna kitu cha ajabu hapo. Ni chakula cha kila siku, ila kimengojewa.

Wanavyuoni wanafundisha kwamba Mtume alikuwa akifungua kwa tende mbichi. Zikikosa, kwa tende kavu. Hizo nazo zikikosa, kwa mafunda ya maji. Tuangalie vizuri mpango huo. Haupandi kwenda kwenye vitu vya bei. Unashuka mpaka kwenye kile ambacho hata maskini anacho. Maana yake ni kwamba mlango wa kufuturu haukutengenezwa kwa kipimo cha mfuko wa mtu. Tena sheria inasema kwamba mzee ao mgonjwa asiyeweza tena kufunga alishe maskini mmoja kwa kila siku anayoiacha. Hapo tunaona kumbe tumbo la mwengine lilikuwa ndani ya hesabu tangu mwanzo. Njaa ya mmoja na kushiba kwa mwengine vinawekwa kwenye mizani moja.

Ndiyo maana wazee wetu walipenda kutandika mkeka nje, barazani, si ndani ya nyumba. Mpita njia anaambiwa: «Karibu, tukule.» Haulizwi kama amefunga. Jirani Mkristo anakaa, mtoto ambaye alikula mchana anakaa, mgeni anayepita kwenda Kabambare anakaa. Huko ndiko tulikojifunza, kabla ya masomo yoyote, kwamba mtu haombwi ushahidi wa njaa yake.

Lakini hatuwezi kuisifu desturi hii bila kusema ilifika namna gani. Uislamu uliingia Maniema katika karne ya 19 pamoja na wafanyabiashara waliotoka Unguja na Pwani, waliokuwa wakitafuta pembe za ndovu na watumwa. Kasongo ilikuwa makao makubwa ya Tippu Tip na watu wake, mpaka askari wa Leopold II, wakiongozwa na Dhanis, walipoiteka mwaka 1893. Basi, kati ya wale walioleta saumu walikuwemo watu waliofunga wenzao kwa minyororo. Lugha yetu imehifadhi jambo hilo bila kukusudia: tunasema kufunga saumu, na tunasema kufunga mtu. Na neno la kumaliza yote mawili ni moja, kufungua. Mtu anayefungua kinywa chake jioni, na mkono wake ukabaki umefungwa, je, amefungua kitu gani?

Mawazo haya si yetu peke yetu. Wengi wetu tuna ndugu Lubumbashi, maana reli ya Kindu inashuka mpaka huko. Katika mji huo waliishi Wayahudi wengi waliotoka kisiwa cha Rhodes, karibu na Uturuki. Walikuja kufanya biashara wakati wa Wabelgiji, wakajenga sinagogi yao, na kuanzia mwaka 1937 waliongozwa na rabi Moïse Levy. Baada ya Uhuru wa 1960, na zaidi baada ya zairianizasio ya 1973, wengi walihamia Ubelgiji, Afrika ya Kusini na pengine. Wao wana siku ya Yom Kippur, siku ya kuomba msamaha: saa 25 bila chakula wala maji, toka jioni moja mpaka usiku wa pili. Pembe ya kondoo dume inapigwa, na saumu imekwisha.

Wanafungua na nini? Wayahudi wa Rhodes na wa Uturuki wana kinywaji kinachoitwa pepitada. Wanakusanya mbegu za tikiti wakati wa joto, wanazikausha na kuzikaanga, wanazisaga, wanaziloweka ndani ya maji, kisha wanachuja na kutia sukari. Sisi wenye kusaga mbegu za maboga, zile tunazoita mbika, hatuwezi kushangaa. Ni kitu ambacho wengine wanatupa pamoja na maganda. Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki wao wanaanza na mkate, mayai na samaki wa chumvi. Na kule Maroko, supu moja inayoitwa harira, yenye dengu na nyanya, inafungua saumu ya Waislamu wakati wa Ramadhani, na Wayahudi wa huko wanafungulia hiyohiyo Yom Kippur yao. Dini mbili, supu moja.

Jambo linalotugusa zaidi ni lile wanalosoma asubuhi ya siku hiyo, watu wakiwa tayari na njaa. Wanasoma Isaya, sura ya 58. Humo Mungu anawakemea watu wanaofunga huku wakiwatesa wafanyakazi wao, na anasema saumu anayoitaka ni kufungua vifungo vya uovu na kumgawia mwenye njaa mkate. Wakristo wetu wana sura hiyohiyo katika Biblia yao, na Wakatoliki wanaisikia mwanzoni mwa Kwaresima. Minyororo na mkate vimewekwa pahali pamoja. Kiswahili chetu kilikuwa kimesema hivyo.

Kuna watakaotupinga. Wa kwanza atasema: mtu ameshinda shambani na jembe, bila hata funda la maji; mnataka kumnyang’anya sahani yake? Hapana. Ale, tena ale vizuri. Lakini afahamu tofauti kati yake na jirani yake. Njaa yake yeye ina saa. Tangu alfajiri anajua itakwisha jioni, na anajua chungu kiko wapi. Njaa ya maskini haina saa. Mwadhini anaita, na kwake hakuna kinachobadilika. Katika miaka ya vita, toka 1998 mpaka 2003, watu wetu waliokimbilia porini waliijua njaa hiyo isiyo na saa. Haikuwa saumu, sababu hakuna aliyeichagua. Kama saumu haitufundishi kuitambua njaa ya namna hiyo kwa mwenzetu, basi imetufundisha uvumilivu tu, na hata jiwe linavumilia.

Wa pili atasema: miye niko na bakuli moja ya uji na watoto sita, nigawe nini? Swali hili ni la kweli, na hatutaki kulijibu kwa maneno matamu. Mwenye bakuli moja si mdaiwa; huyo ndiye anayedai. Deni liko kwa yule ambaye sufuria yake inabakia na chakula, na ambaye siku hizi anafuturu ndani, mlango umefungwa, ao anaalika wakubwa tu, wale watakaomwalika naye kesho. Karamu ya namna hiyo ni biashara, si futari.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Chakula cha kufuturu ni cha aliyefunga, lakini si chake peke yake. Ndani yake kuna fungu la mtu ambaye jua likizama hana kitu. Hatuhitaji tende za kutoka mbali ili kulitoa fungu hilo. Tunahitaji kurudisha mkeka nje, na mama anapopakua uji aanze kwa kuhesabu nyumba za jirani ambazo leo hazikutoa moshi. Bakuli la kwanza liende huko kabla hatujakaa.