Umoja wa Kusikiliza

Wahenga walinena kuwa umoja ni nguvu. Lakini je, kila mkusanyiko ni umoja? Tarehe 22 Juni 1938, mjini New York, Joe Louis, Mmarekani mweusi, alipigana ngumi na Max Schmeling wa Ujerumani. Mamilioni walisikiliza kwa redio. Asiyekuwa nayo alikwenda kwa jirani. Louis alishinda katika raundi ya kwanza, na Wamarekani, weusi kwa weupe, wakamshangilia. Kulipokucha, sheria za ubaguzi katika majimbo ya kusini zilikuwa zile zile. Basi, msomaji, redio yaweza kuwakusanya watu. Kuwa ndugu ni kazi yao wenyewe, nayo huanza redio inapozimwa.