Je, upendo unahitaji ratiba?



Kuna swali ambalo limerudi mara nyingi katika vikundi vyetu vya nyumbani, hasa kwa vijana. Mtu akimtembelea mgonjwa kwa sababu leo ni zamu yake, je, amempenda mgonjwa au ametii karatasi tu? Wengine husema kwamba upendo wa kweli hutoka moyoni wenyewe, na ukishawekewa saa na daftari la mahudhurio, umegeuka kuwa kazi ya ofisi. Swali hili si dogo. Tulitazame pamoja kwa utulivu, tukianzia hapa Kigali.

Katika mji huu kuna vilabu vya huduma, na kimojawapo kinachojulikana sana ni Rotary. Wanachama wake ni wafanyabiashara, madaktari, wanasheria na wengineo, na desturi yao ni kukutana kila wiki, siku ile ile, saa ile ile. Kengele hugongwa, wageni hutambulishwa, taarifa ya kazi husomwa, msemaji hutoa mada, kisha mkutano hufungwa kwa wakati. Mpita njia akisikia vicheko na milio ya vijiko anaweza kusema kwamba ni watu wenye nafasi wanaokula pamoja, basi. Lakini na aende Kacyiru aione Maktaba ya Umma ya Kigali. Klabu ya Rotary ya Kigali-Virunga ndiyo iliyoanza kazi hiyo, ikatafuta fedha na vitabu mwaka baada ya mwaka, na milango ilifunguliwa mwaka 2012. Leo mtoto asiye na kitabu nyumbani anaweza kuketi pale akasoma. Huruma ya siku moja haijengi maktaba. Inajengwa na watu waliorudi mezani wiki ijayo, na wiki iliyofuata, hata pale walipokuwa hawana hamu.

Tena inafaa kujua chama hiki kilianzaje. Mwanasheria Paul Harris na wenzake watatu walikutana Chicago, Marekani, tarehe 23 Februari 1905. Hapo mwanzo walitafuta urafiki na kusaidiana katika biashara zao wenyewe. Huduma kwa watu wa nje ilikuja baadaye, na kazi yao ya kwanza kwa ajili ya mji, waliyoianza mwaka 1907, ilikuwa kupigania vyoo vya umma. Vyoo, wapendwa! Sisi tuliokaa kambini hatucheki tukisikia hivyo, kwa maana tunajua choo ni heshima ya mtu. Tazama basi: kukutana kulitangulia, na moyo wa huduma ukakua ndani ya kukutana. Si kila mara moyo huanza na mkono ukafuata.

Mfano mwingine tunaujua kwa watoto wetu. Mwaka 1985 Rotary ilianza kazi ya kupambana na polio duniani kote. Wengine wakaungana nayo, na mwezi Agosti 2020 ilithibitishwa kwamba virusi vya asili vya polio vimekomeshwa katika Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani. Ilichukua miaka 35. Hata hivyo mwaka 2022 virusi kutoka nje vikaonekana Malawi na Msumbiji, ikabidi chanjo ipelekwe tena nyumba kwa nyumba. Ugonjwa haungoji mpaka tuguswe moyo.

Sasa tuwasikilize wanaopinga, kwa maana wanasema jambo la kweli. Ratiba inaweza kuwa ganda tupu. Sote tumewahi kuona wageni wenye fulana zilizoandikwa, wakagawa sabuni, wakapiga picha, wakaondoka bila kuuliza jina la hata mtu mmoja. Tunajua pia Umuganda, kazi ya jamii ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambayo katika nchi hii ni wajibu wa kisheria kwa wenye miaka 18 hadi 65. Mtu anaweza kushika jembe huku moyo wake uko kitandani. Sheria inaweza kuleta mkono, lakini moyo haiwezi kuulazimisha.

Hata hivyo nauliza: mama anayempa mtoto wake dawa kila baada ya saa sita, usiku wa manane, akiwa amechoka na macho yanamfumba, nani atasema hampendi kwa kuwa anafuata saa? Ile saa ndiyo upendo wake. Anajua kwamba hisia zake zitalala, kwa hiyo ameweka kitu kisicholala. Ndivyo ilivyo ahadi yoyote, hata ya ndoa: ni upendo uliofikiria mapema siku ambayo moyo utachoka.

Maandiko nayo yanatufundisha. Katika Matendo sura ya 6, kanisa la kwanza lilikuwa na upendo mwingi, lakini wajane wa Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgao wa kila siku. Mitume hawakuwaambia watu waongeze huruma. Walipanga: watu saba wakachaguliwa kwa kazi hiyo. Na yule Msamaria wa Luka 10 hakuishia kufunga majeraha. Alilipa dinari mbili, akapatana na mwenye nyumba ya wageni, akaahidi kurudi kulipa kilichozidi. Aliweka miadi.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Huruma humwona aliye karibu, anayelia kwa sauti, anayesema lugha yetu. Aliyenyamaza nyuma ya mlango haonekani, na anahitaji mtu mwenye daftari. Sisi wakimbizi twajua maana ya jina kukosekana kwenye orodha. Ratiba ni mtumishi wa upendo. Ikiwa bwana, itaharibu. Ikifukuzwa, wajane watasahauliwa tena.

Mtu atasema, hayo ni ya wenye mishahara, sisi tunapokea tu. Ndugu yangu, wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Mwezi Machi 2021 msaada wa chakula kwa wakimbizi wa Rwanda ulipunguzwa kwa asilimia 60 kwa ukosefu wa fedha, na hapo tuliona kwamba msaada wa mbali hutegemea mifuko ya mbali. Jirani hapunguzwi kwa barua. Na mtu anayepokea tu miaka ishirini hupotewa na jambo kubwa kuliko chakula: husahau kwamba naye anahitajiwa.

Hatuhitaji hoteli wala kengele. Panatosha chini ya mti, saa moja kwa wiki, siku isiyobadilika, na daftari lenye maswali matatu: Nani hajaonekana wiki hii? Anahitaji nini tunachoweza? Nani atakwenda, na siku gani? Kumchotea maji bibi asiyeweza kutembea, kumwandikia barua asiyejua kusoma, kukaa na watoto wa mama aliyelazwa: kazi hizi hazidai faranga hata moja. Zinadai kwamba aliyesema atakwenda Jumanne aende Jumanne.

Jioni hii, mkiisha kula, ulizaneni nyumbani: ni nani anayejua kwa hakika kwamba wiki ijayo tutamfikia? Kama hayupo, chagueni siku.

Bwana awabariki na kuwalinda.