Je, Kurudi Nyuma ni Kukosa Imani?

Wapendwa, kama kuna kitu tunapenda kuambiana hapa kanisani ni hiki: usikate tamaa, shikilia hapo hapo, usirudi nyuma. Ni neno zuri, na wengi wetu limetuvusha. Lakini kuna swali ambalo huwa hatuliulizi kwa sauti. Je, kila kung'ang'ania ni imani? Na mtu akiamua kuacha kitu alichokianza, amemkosea Mungu?

Leo hebu tulipime swali hili kwa vita ambavyo wengi tulivisoma shuleni kwa mistari miwili tu: vita vya Stalingrad.

Mwaka 1942 jeshi la Ujerumani lilikuwa limeingia ndani kabisa ya Umoja wa Kisovieti. Shabaha kubwa mwaka huo ilikuwa visima vya mafuta vya Caucasus. Lakini kando ya mto Volga palikuwa na jiji lililobeba jina la Stalin mwenyewe, na Hitler alilitaka. Jeshi la Sita chini ya Jenerali Friedrich Paulus lilifika huko mwezi wa nane. Mabomu ya ndege yakaua maelfu ya raia, kisha watu wakapigana nyumba kwa nyumba hadi baridi ikaanza.

Tarehe 8 Novemba Hitler alisimama Munich mbele ya wanachama wa chama chake, akawaambia kwamba jiji hilo ni kama limeshachukuliwa. Tafadhali kumbuka tangazo hilo, tutalirudia. Siku 11 baadaye Wasovieti wakashambulia, si ndani ya jiji, bali pembeni, mahali palipolindwa na majeshi ya Romania yasiyokuwa na silaha za kutosha. Kufikia tarehe 23 walikuwa wamekutana nyuma ya Wajerumani. Watu kama robo milioni wakajikuta wamezingirwa.

Paulus akaomba ruhusa ya kutoka. Hitler akakataa. Hermann Göring, mkuu wa jeshi la anga, akaahidi kwamba ndege zitawapelekea kila kitu. Jeshi lile lilihitaji angalau tani 300 kwa siku. Zilizofika kwa wastani ni kama 100. Makamanda wa ndege waliokuwa huko mbele walishasema haiwezekani, lakini Göring alimpa mkubwa wake jibu alilotaka kulisikia.

Jenerali mmoja chini ya Paulus, Walther von Seydlitz, alimwandikia tarehe 25 Novemba akimsihi aongoze watu watoke hata bila ruhusa, kwa sababu dhamiri inamdai hivyo. Paulus alichagua kutii. Desemba jeshi la kuwaokoa lilikaribia hadi kilomita 50 hivi, likashindwa. Januari Paulus mwenyewe aliomba ruhusa ya kusalimu amri, akanyimwa. Tarehe 30 Januari 1943 akapandishwa cheo kuwa Field Marshal. Hakuna Mjerumani wa cheo hicho aliyekuwa amewahi kusalimu amri, kwa hivyo maana yake ilieleweka: jiue. Kesho yake akajisalimisha. Wa mwisho waliweka silaha chini tarehe 2 Februari. Waliotekwa walikuwa kama 91,000, na waliorudi kwao hawakuzidi 6,000 hivi. Wengine walifika nyumbani mwaka 1955.

Nisieleweke vibaya. Wale walikuwa wavamizi katika nchi ya wenyewe, na ni vizuri walishindwa. Swali langu ni moja tu: kwa nini walizuiwa kuondoka wakati njia bado ingewezekana?

Nilipokuwa nasomea biashara chuoni tulifundishwa kwamba pesa iliyokwisha kwenda haifai kuamua utafanya nini kesho. Maji yakimwagika hayazoleki. Unauliza tu, shilingi hii iliyobaki, nikiiweka hapa italeta nini? Lakini mwanadamu hapendi hesabu hiyo. Anasema, "Nimetumia mingi sana, siwezi kuacha sasa." Na akiwa ameshatangaza mbele ya watu, hapo ndipo mambo hukwama kabisa. Hitler alikuwa ameshatangaza Munich. Tangu hapo, kurudi nyuma kulikuwa aibu yake, lakini waliolipa ni vijana waliokuwa kwenye theluji.

Kuna wanaosema kwamba jeshi lile lilisaidia kwa kukaa, maana liliwashughulisha Wasovieti wakati wenzao wanatoka Caucasus. Hoja hiyo ina uzito. Lakini Hitler alikataa mwezi Novemba, kabla hata hajakubali kwamba walioko Caucasus watoke.

Sasa utaniuliza, "Pasta, si Wasovieti pia waliamriwa wasirudi nyuma hata hatua moja, na wakashinda?" Ni kweli, Stalin alitoa amri hiyo Julai 1942, na ilikuwa kali kupita kiasi. Lakini angalia tofauti. Wao walikuwa wanalinda makwao. Askari wapya walikuwa wakivushwa mto Volga usiku kwa usiku. Na wakati wachache wanashikilia jiji, wengine wengi walikuwa wanajipanga kwa lile shambulio la Novemba. Kushikilia kwao kulikuwa na kitu halisi nyuma yake. Kule kwingine kulikuwa na ahadi ya Göring tu.

Kwa hivyo kabla hujasema "sirudi nyuma", jiulize maswali mawili. Msaada ninaoungoja, uko njiani kweli, ama ni mtu ameniambia tu nilichotaka kusikia? Na nani anayelipa ninapoendelea kungoja?

Katika Luka 14:31-32 Bwana Yesu anatoa mfano wa mfalme anayekaa chini kwanza kupiga hesabu kama askari wake elfu 10 watawaweza elfu 20 wanaokuja. Akiona hawezi, anatuma wajumbe mapema kutafuta amani. Yesu hamwiti mfalme huyo mwoga wala hasemi amekosa imani.

Mpendwa, labda una duka ambalo limekula mkopo wa kwanza, wa pili, na sasa unaangalia karo ya watoto. Labda ulishatoa ushuhuda hapa mbele, na unaona ukifunga watu watasema Mungu wako amekuangusha. Ushuhuda wako haukuwa mkataba wa kuizamisha familia yako. Mungu hahitaji mtoto wako akae nyumbani ndio jina lake lisiaibike.

Na sisi viongozi pia tusikilize. Tukizungukwa na watu wa kusema "ndio pasta" peke yake, tutapeleka watu mahali ambapo chakula hakifiki. Ukiona hesabu ya mradi wowote wa kanisa haifungi, njoo useme.

Wiki hii kaa chini na mwenzako, ama na yeyote anayebeba mzigo huo pamoja nawe. Fungueni daftari, someni nambari kama zilivyo, kisha muombe. Mkiamua kuendelea, tutasimama nanyi. Na mkiamua kufunga, Jumapili njooni vile vile. Viti vyenu vipo.