Ufunguo wa geti



Februari 2020 babu yangu alitoka Tanga kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, akazibuliwa mshipa wa moyo kwa upasuaji wa tundu dogo. Alirudi Chumbageni anatembea mwenyewe. Tarehe 16 Machi ikatangazwa kwamba corona imeingia nchini. Mwenye moyo mbovu yuko hatarini zaidi, kwa hiyo nikafunga geti, ufunguo nikautia mfukoni.

Nilijiona mjukuu mwema. Dawa kwa saa, mboga bila chumvi, presha kila asubuhi. Na presha ilikuwa safi kweli! Lakini mzee haongei. Makanisa hayakufungwa, misa ziliendelea, yeye anasikia kengele tu. Wenzake wakienda Deep Sea kuangalia samaki wanamsalimia kupitia uwazi wa geti.

Siku moja akaniuliza, "Mjukuu wangu, huu moyo mlinizibulia niufanyie nini?"

Nilikosa jibu. Katekisimu inafundisha kwamba uhai na afya ni zawadi za Mungu, tuzitunze. Tena inatukataza kuufanya uhai wa mwili kuwa ndiyo kila kitu. Mimi nilishika nusu. Moyo ni wake, hofu ni yangu, na sikuwahi kumuuliza. (Tena sehemu ya hofu hiyo, niseme ukweli, ilikuwa nisije nikalaumiwa msibani.)

Jumapili tukaenda misa ya kwanza, barakoa usoni, tukakaa karibu na mlango. Kila mtu akikohoa nashtuka. Babu aliimba mpaka mwisho. Presha jioni ile ilikuwa juu kidogo, na mpaka leo sijui kama nilikosea.