Je, Kuulizwa Hali kwa Simu ni Kutazamwa?

Siku hizi serikali nyingi za dunia zaitia simu ya mkononi katika kazi ya kuwatunza wagonjwa. Wako Wakristo waonao mashaka, wakisema ya kuwa Bwana wetu, katika Mathayo 25, alinena habari za kuwaendea wagonjwa, wala si za kuwapelekea maneno. Neno lao si la kudharauliwa, nasi twataka kulipima.

Kwanza twasema kwamba neno litokalo mbali si neno bandia. Mtume Paulo akiwa kifungoni aliwaandikia Wafilipi, na waraka ule uliwafaa ijapokuwa uso wake hawakuuona. Mtume Yohana naye alipenda kuja mwenyewe kuliko kutumia wino, lakini hata hivyo aliandika. Basi kosa, kama lipo, haliko katika umbali.

Tuangalie jambo lililotendeka Kenya mwaka 2007 hata 2008. Waganga waliwajaribu kwa simu watu walioanza kumeza dawa za Ukimwi, jumla yao 538. Karibu nusu walitunzwa kwa desturi iliyokuwapo, waliosalia walipelekewa kila juma neno moja tu: "Mambo?" Si salamu ambayo sisi tungempelekea mzee wa kanisa! Lakini haikutaja ugonjwa, hata mtu mwingine akiishika simu asiijue siri. Mgonjwa alitakiwa kujibu katika siku mbili, "Sawa" au "Shida". Aliyejibu "Shida" alipigiwa simu na muuguzi; aliyenyamaza alipigiwa vilevile. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Katika wale walioulizwa, 62 kwa kila 100 walizishika dawa zao kama ipasavyo. Katika wenzao, 50.

Huko Yaoundé, nchi ya Kameruni, jaribio jingine lilifanywa kwa wagonjwa 200, na habari zake zikatoka mwaka 2012. Nako walipelekewa neno kila juma, lakini lilikuwa neno la kutia moyo na kukumbusha, pamoja na namba ya kupiga mtu akitaka msaada, jibu halikudaiwa. Mwishowe haikuonekana tofauti ya kutegemewa. Majaribio mawili hayatoshi kukata shauri, na huenda sababu ni nyingi. Walakini dhamiri yetu yaona jambo hapa.

Akumbushaye husema akaenda zake, bali aulizaye hana budi kungoja. Kwetu sisi mtu aulizwapo hali hujibu "njema" hata kama homa imemkaza, kisha, baada ya kitambo, ndipo aongezapo, "ila..." Na aliyeuliza, akiisha kulisikia hilo "ila", hawezi tena kuondoka kwa haki. Amejifunga. Ahadi ni deni, na swali la namna hii ni ahadi. Kule Kenya deni lililipwa na muuguzi mwenye nafasi ya kupiga simu na kusikiliza. Mtambo waweza kupeleka "Mambo?" kwa watu elfu nyingi kwa mara moja, lakini hauwezi kuketi na "Shida" moja.

Afrika ya Kusini ilianza mwaka 2014 utaratibu uitwao MomConnect kwa wanawake wajawazito, na walioandikishwa wamepita milioni moja. Twausifu, maana pamoja na mafundisho waliwekwa watu wa kuyajibu maswali, tena mama aweza kuleta hata malalamiko yake juu ya zahanati. Lakini kadiri maswali yanavyozidi, ndivyo deni linavyozidi. Yakobo awakemea wamwambiao ndugu aliye uchi aende kwa amani, nao hawampi nguo. Twathubutu kusema kwamba serikali, au hospitali ya kanisa, iulizayo hali za watu bila mtu wa kuyapokea majibu, yafanya vibaya kuliko ile isiyouliza kabisa. Mgonjwa asiyeulizwa hutafuta msaada kwingine. Aliyekwisha kujibu "Shida" hukaa akingoja.

Tauni ilipoingia Wittenberg mwaka 1527, Dr. Martin Luther hakuondoka. Katika waraka alioandika juu ya jambo hilo alifundisha kwamba walio na wajibu kwa wagonjwa wasikimbie, isipokuwa wamebaki wengine wa kutosha kuwahudumia. Kwa kipimo hicho simu yafaa. Muuguzi aliyesikia "Sawa" aruhusiwa kutokwenda, ili apate nafasi ya kumwendea mwenye "Shida".

Wamesalia wasio na simu, na wanawake wengi ambao simu hukaa mfukoni mwa mume. Hao yafaa waandikwe katika daftari ileile ya zahanati, na kila juma siku itengwe ya kuwafikia kwa miguu; na muuguzi akizidiwa na kazi, washarika wa mtaa ule waweza kwenda wakamletea habari, wakiisha kufundishwa kutunza siri.