Uadilifu Bila Imani? Swali Kutoka Japani kwa Wazazi wa Liverpool

Msafiri anayerudi kwetu Liverpool, Australia, kutoka Japani huja na sifa zile zile: treni zinazofika kwa dakika yake, mitaa ambayo ni shida kuona pipa la taka na bado ni safi, pochi iliyosahaulika ndani ya treni ikamrudia mwenyewe na fedha zake zote. Kisha huongeza neno linalowachoma wazazi: watu hao, ukiwauliza, wengi wao husema hawana dini. Mji wetu una udugu rasmi na mji wa Toda, mkoani Saitama, kaskazini mwa Tokyo, kwa hiyo sifa hizi si ngeni hapa. Kwa familia zinazosema Kiswahili huku kusini-magharibi mwa Sydney, swali linalofuata ni zito. Sensa ya 2021 ilionyesha kuwa karibu asilimia 39 ya wakazi wa Australia hawana dini. Kijana akiuliza, "Kama Mjapani ni mwaminifu bila msikiti wala kanisa, mimi vya nini?" anastahili hoja, na kumkemea si hoja.

Tuanze na hilo la kukosa dini. Hesabu rasmi za Japani za waumini wa madhehebu yote huzidi idadi ya wakazi wa nchi, kwa sababu mtu mmoja huhesabiwa kwenye hekalu la Shinto na tena kwenye hekalu la Kibuddha. Mwaka mpya ukiingia, mamilioni humiminika mahekaluni kuomba heri. Mlangoni mwa hekalu la Shinto kuna birika la maji, na desturi ni kunawa mikono na kusukutua kinywa kabla ya kusogea mbele. Mwislamu aliyezoea udhu ataelewa bila kufafanuliwa. Akifa mtu, mara nyingi huitwa kasisi wa Kibuddha. Wanachokosa wengi wao ni shahada ya kutamka na jumuiya ya kujiandikisha. Ibada ya vitendo wanayo, na huenda imewakaa mwilini kuliko wanavyojua.

Uadilifu huo, tena, una wanaoufinyanga. Saa ya chakula katika shule ya msingi, watoto wa zamu huvaa aproni na kofia nyeupe, hubeba wali na supu mpaka darasani na kuwapakulia wenzao. Hakuna anayeanza kula kabla wote hawajapata. Huunganisha viganja, hutamka shukrani kwa pamoja, hula, kisha hurudisha vyombo wenyewe. Ukifika muda wa usafi hushika mafagio na matambara, wakasugua darasa na korido, na katika shule nyingi vyoo pia. Mtoto aliyepiga deki korido miaka 6 hahitaji bango la kumkataza kutupa taka. Sheria nayo inasaidia: aliyeokota kitu akakipeleka polisi ana haki ya kudai zawadi ya asilimia 5 hadi 20 ya thamani yake, na mwenyewe asipojitokeza kwa miezi 3, kwa kawaida kitu huwa cha mwokotaji. Samaki mkunje angali mbichi: wenzetu wamelifanya hili kuwa ratiba ya shule na kifungu cha sheria.

Atasema mtu wa dini: basi hiyo ni hofu ya macho ya watu, na tendo lisilo na nia njema halina thawabu. Hoja hii ina uzito, maana Uislamu na Ukristo vyote vinaupima moyo kabla ya mkono. Lakini dini hizo hizo hazikuuacha moyo peke yake. Ziliufungia ratiba ya sala, saumu na sadaka, kwa kuwa nia isiyotendewa kazi hufifia. Aibu inaweza kuwa mlango wa kwanza wa wema, na mtoto anayepakulia mwenzake kwa sababu ni zamu yake anajifunza bila kujua kwamba mwenzake naye ana njaa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na ushahidi wake uko katika jimbo letu hili la New South Wales. Alfajiri ya 5 Agosti 1944, katika kambi ya Cowra, mateka wa kivita wa Kijapani zaidi ya 1,000 walizikimbilia seng'enge na bunduki za rashasha wakiwa na visu na marungu. Walikuwa wamefundishwa kwamba kutekwa ni fedheha kuliko kifo. Zaidi ya 230 walikufa, pamoja na askari 4 wa Australia. Nidhamu ile ile inayosafisha korido inaweza kumpeleka mtu kufa bila kuuliza. Hapa mazoea yanafika ukomo wake: humfanya mtu atende bila kusita, lakini hayamwambii lini akatae. Ili akatae, lazima awe na mizani iliyo juu ya taifa, juu ya mfalme, juu ya macho ya majirani. Kwa muumini, mizani hiyo ni Mungu, na hilo ndilo jibu la kwanza kwa kijana wetu.

Jibu la pili linatuhusu sisi wazee. Baada ya vita, maaskari wastaafu wa Cowra waliyatunza makaburi ya Wajapani waliokuwa adui zao, kabla ya makaburi rasmi ya Kijapani kufunguliwa hapo 1964. Iwe walisukumwa na dini au na utu tu, dhamiri yao ilishinda chuki ya kundi, na ilidumu kwa sababu ilipewa kazi ya mikono. Imani isiyo na kazi ya namna hiyo haiwezi kumshawishi kijana aliyeona Japani. Basi madrasa zetu na madarasa ya Jumapili yaongeze jambo moja lisilo na gharama: watoto wapakuliane chakula, waoshe vyombo, wafagie mahali pa ibada kwa zamu, na waambiwe waziwazi kwamba hiyo nayo ni ibada. Mtoto aliyelelewa hivyo atakuwa na mikono iliyozoea wema na sababu ya kusimama peke yake siku kundi litakapopotoka.