Mgeni Aliyeletwa



Sisi tulioishi Muscat miaka mingi tunalijua neno "mgeni". Tumeitwa hivyo huku, na tukirudi likizo tunaitwa hivyo na kwetu. Ndiyo maana tukisikia mti unalaaniwa kwa kuwa umetoka nje, hutega masikio.

Mti wenyewe ni mathenge. Asili yake ni Amerika. Ulipandwa kando ya Ziwa Baringo, Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1980, tena kwa nia njema: ardhi ilikuwa kavu, watu walihitaji kuni na kivuli, na mti huu hauogopi jua wala chumvi. Mbuzi wakayapenda maganda yake matamu, wakazisambaza mbegu kwa mavi yao, na baada ya miaka vichaka vya miiba vikaziba malisho na njia za kuendea maji. Ukiukata juu juu, kisiki huchipua upya. Na ule utamu ukaozesha meno ya mbuzi. Mwaka 2006 wanakijiji waliishitaki serikali, wakampeleka mbuzi kibogoyo mahakamani Nairobi awe ushahidi. Watu wakacheka. Mwenye mbuzi, tunadhani, hakucheka.

Sasa kosa ni la nani? Si la kutoka nje. Muhogo, mahindi na mkorosho vilitoka Amerika vilevile, na nani atathubutu kumwambia bibi yake Pemba kuwa muhogo si wake? Wala mti hauna nia mbaya, unaota tu. Wenye nia walikuwa waliopanda, na nia yao njema haitoshi kuwa jibu, kwa sababu mradi ulikwisha na mwenye mbuzi akabaki. Kwetu, ukimpeleka mgeni nyumba ya watu kisha ukaondoka kabla yake, utaulizwa.

Lakini mambo si mepesi. Mwaka 2008 Kenya iliutangaza mathenge kuwa magugu hatari, na huku wapo wanaouchoma mkaa wakapata riziki. Barazani kwetu mzee mmoja alisema ung'olewe wote, hata huku Dhofar ulikoenea. Bibi mmoja akamwuliza, "Na ada ya watoto wa mchoma mkaa utalipa wewe?" Mzee akanyamaza, akaomba kahawa.

Tulipotoka tulipita chini ya mti karibu na magari. Mmoja akauliza kama ni ghafu, mti wa asili wa hapa, au ni yule jamaa yake wa Amerika. Tukautazama sote. Hakuna aliyejua.